Zabibu Aliponyonyoka

Mdondo, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia kideri, ukiingia mtaani, watu huacha kumwamini kuku yeyote. Mwaka ule ulianzia bondeni, karibu na pwani, na kila asubuhi tulisikia nyumba nyingine imemaliza banda zima. Sisi tulikaa juu kidogo, kwenye njia ya kwenda boma la Mjerumani hapo Mikindani, lile lililojengwa 1895. Mama alifuga kuku wa kienyeji wachache, na mmoja wao alikuwa wangu: tetea mwekundu mwenye madoa meusi, niliyepewa na mjomba akiwa kifaranga. Nilimwita Zabibu. Alikula mkononi mwangu, akanifuata hadi jikoni, na jioni nisipomwona amepanda bandani sikuweza kulala.

Mwezi wa tisa, kusi bado inavuma, nikakuta manyoya yake yametapakaa chini ya mkorosho. Nikadhani amekwenda na nguchiro. Kumbe yupo nyuma ya jiko, ila kichwani na shingoni amepukutika. Siku zilizofuata kifua nacho kikaanza kubaki wazi, kisha mgongo. Upanga wake wa kichwani, uliokuwa mwekundu wa kuiva, ukasinyaa na kupauka. Mayai yakakata. Alijitenga kivulini, na mimi nikimshika anapiga kelele na kujinasua, kuku aliyezoea kusinzia mapajani mwangu.

Shangazi alimwona akashika kiuno. "Kaka, huyo mchinjeni leo. Mkingoja kesho mtamtupa, na wengine wote watamfuata."

Baba si mtu wa papara, lakini safari hii alikuwa na haraka yake. Wageni wa posa ya dada yangu walikuwa njiani, na siku chache nyuma alikuwa amekwenda mjini Mtwara akarudi na jogoo kutoka sokoni. Jogoo mrefu, kifua mbele, manyoya ya shingo yanawaka juani. Kila aliyepita alimsifu. Baba alimwachia uani achanganyike na wenzake, anenepe. Akaanza kusema kwamba Zabibu achinjwe mapema asije akamwambukiza jogoo wa wageni.

Nililia. Siyo kwa kunung'unika, nililia hasa, na mama ndiye aliyesimama katikati. "Baba Mwajuma, tumngoje daktari. Si yuko mtaani humuhumu?"

Daktari tuliyemjua sisi alikuwa afisa mifugo wa kata, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Ndiye aliyetuchanjia kuku mwezi wa sita. Alipofika, tukamwamkia, akaitikia, akaomba kigoda. Aliketi, akamlaza Zabibu mapajani, na nilichokishangaa ni kwamba ile ngozi tupu hakuishughulikia kwanza. Alitazama macho: maangavu, hayana machozi. Akatazama pua, akafungua mdomo, akaunusa. Akapapasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. "Amekula huyu. Limejaa." Akainua mkia. Hakuna kinyesi kilichogandia, hakuna chawa wanaokimbia, wala mayai yao meupe kwenye mashina ya manyoya. Kinyesi alichokuwa amekiacha chini ya mkorosho kilikuwa cha kahawia, kigumu, na kofia nyeupe juu.

Kisha akaniita. "Njoo mwanangu, pitisha kidole hapa. Polepole."

Shingo yote ilikuwa imejaa ncha ngumu zilizosimama kama miba ya nungunungu. Kila ncha ilikuwa ndani ya ala yake ya kijivu, na nilipoinama karibu niliona chini ya ala rangi ya damu.

"Usibonyeze. Humo ndani bado mna damu, anaumia. Ndiyo maana hataki kushikwa."

Akamgeukia baba, akamweleza kwa utulivu mambo ambayo sijayasahau. Kuku mzima hubadili manyoya, mara nyingi mara moja kwa mwaka. Huanzia kichwani na shingoni, hushuka kifuani na mgongoni, mabawa na mkia huja nyuma. Zabibu ndiyo kwanza alikuwa ametoka kulea: siku 21 juu ya mayai akishuka kula mara moja moja, halafu wiki kadhaa za kuwachakurulia vifaranga wake. Unyoya karibu wote ni protini, na yai nalo linadai protini hiyo hiyo, kwa hiyo mwili hufunga mlango mmoja. Mayai husimama, na upanga husinyaa kwa sababu hatagi.

"Angenyonyoka upande mmoja, ningeuliza," alisema. "Ngozi ingekuwa nyekundu ina magamba, ningetafuta utitiri, tena usiku, maana mchana hujificha kwenye nyufa za banda. Mgongo peke yake ungekuwa mtupu, ningesema ni jogoo anayempanda. Huyu ameng'oka kushoto na kulia sawasawa, na mapya yanakuja. Mnataka kumchinja kwa kosa gani?"

Mama alikuwa pia na kishingo mmoja, na wakati ule ndipo nilipoelewa kwa nini huyo hatukuwahi kumwona akianza kubadilika. Shingo yake iko wazi tangu anatotolewa, na dalili ya kwanza huonekana pale pale.

Daktari alikuwa anasimama kuondoka alipomwona jogoo. Kuku wengine walikuwa wanagombea pumba, yeye amesimama ukutani peke yake, mabawa yameshuka kidogo, jicho linafumba na kufumbua.

"Na yule?"

"Wa wageni, daktari," baba akajibu.

"Leo amewika?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amemsikia.

Alimkamata bila taabu, na hilo peke yake lingetosha kutushtua, maana siku alipoletwa alitukimbiza uani kote. Ute ulimchuruzika mdomoni. Gole lilikuwa na maji matupu. Pale aliposimama palikuwa na kinyesi cha kijani kibichi. Daktari akauliza kama amechanjwa. Baba akasema hajui, sokoni hakuuliza mtu.

Akaamuru atengwe mbali chini ya tenga, anayemhudumia awe mtu mmoja na asiguse kuku wengine kabla ya kunawa. Mdondo hauna dawa, alisema, na aliyekwisha kuugua chanjo haimponyi. Tena asiuzwe, asichinjwe kugawiwa majirani, kwa kuwa hivyo ndivyo ugonjwa unavyohama kutoka banda hadi banda. Usiku wa pili shingo ilimpinda, akawa anazunguka mahali pamoja. Asubuhi alikuwa amekufa, manyoya yake yote mazuri mwilini. Baba alimfukia shimo refu, mama akachoma uchafu wa banda. Wageni wa posa walikula samaki, changu, na posa ikapokelewa.

Waliochanjwa mwezi wa sita walinusurika. Lakini watoto wa Zabibu walikuwa wametotolewa baada ya daktari kupita. Wakafa mmoja mmoja, watatu, na wa mwisho alifia karibu na mama yake huku yeye akimchakurulia. Hilo sijalizoea hadi leo, na sioni kwa nini nilizoee.

Zabibu nilimlisha vumbi la dagaa alilokuwa analisaga mama, na mchwa niliowachimbua njiani kutoka shule. Nilimtazama kila siku bila kumshika. Ala zilipasuka kuanzia nchani, zikaacha unga mweupe kwenye shingo yake, na manyoya yakajikunjua mekundu kuliko ya zamani. Mkia ulichelewa kuliko vyote. Upanga ulianza kuiva mvua zilipoanza, mwezi wa kumi na mbili, na mama akaokota yai la kwanza kwenye kapu la mihogo.

Daktari aliporudi kuchanja, baba ndiye aliyezunguka kwa majirani kuwahimiza walete kuku wao uani kwetu. Shangazi alileta wa kwake wote kwenye tenga moja, akilalamika njia nzima kuhusu bei. Mimi nilipewa kazi ya kushika. Unamlaza kuku ubavu, daktari anadondosha tone moja kwenye jicho, na humwachii mpaka apepese. Shangazi aliuliza kama tone moja linatosha kweli. "Linatosha, shangazi," nilimwambia, "ila baada ya miezi mitatu au minne uwalete tena. Na kama kuna vifaranga nyumbani, nenda ukawachukue sasa hivi."

Akaenda kuwachukua.