Begi la Jumatatu

Huku Uingereza nafanya kazi kwenye wodi ya watu wenye ulemavu wa akili. Kuna kijana mmoja, daktari alisema tangu mwaka jana kwamba matibabu yamekwisha, aruhusiwe. Aende wapi sasa? Nyumba yenye wahudumu wanaomuweza haijapatikana, na halmashauri na watu wa afya bado wanavutana nani alipe.

Yeye kila Jumatatu anakunja fulana zake, anazipanga begini, anavaa viatu, anakaa karibu na mlango. Jioni mimi ndiye ninayemfungulia kamba za viatu.

Jamani, inauma. Hapendi kelele, na wodi ni kelele usiku na mchana. Akipandwa na hasira, inaandikwa kwenye faili kwamba hayuko tayari kutoka!

Baada ya BBC kufichua mateso ya wagonjwa wa Winterbourne View, hospitali ya watu wenye ulemavu kama huu, mwaka 2011, serikali iliahidi kwamba kufikia Juni 2014 wote waliowekwa hospitali isivyostahili wangekuwa wamehamishwa. Hesabuni miaka wenyewe.

Leo mama yake kanishika mkono: "Mwanangu haumwi. Amekosa nyumba tu."

Kesho ni Jumatatu. Begi lishatolewa chini ya kitanda.