Nilivyofunga swichi mbili, seva zikaziona kama moja

Ofisi ninayoihudumia ni ya wakala wa forodha, ghorofani maeneo ya Posta. Meli ikishatia nanga, nyaraka za mteja lazima ziende, na mtandao ukilala kidogo tu simu zinaanza kuita. Chumba cha seva kilikuwa na swichi kuu moja, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na seva zote kwenye mtandao. Kila seva ilikuwa na nyaya mbili, lakini zote ziliingia kwenye swichi hiyohiyo. Waya ukikatika, uko salama. Swichi ikizima, ofisi nzima imesimama. Kwa umeme wetu wa Dar na joto la vyumba hivi, hilo lilininyima raha kabisa.

Kufunga nyaya kadhaa zikahesabika laini moja ni jambo la siku nyingi. Kiwango cha IEEE (taasisi ya kimataifa ya wahandisi) cha 802.3ad kilitoka mwaka 2000, na tangu 2008 kimo kwenye 802.1AX. Ndani yake kuna LACP, itifaki ambayo vifaa viwili hutumia kutambuana kupitia kila waya na kukubaliana nyaya zipi ziko kundi moja. Shida ni kwamba seva hutegemea kukuta kifaa kimoja tu upande wa pili. Ukipeleka waya mmoja swichi A na mwingine swichi B bila maandalizi, inaona majirani wawili, inatumia mmoja, na waya wa pili unakaa bure.

Wengi huzifunga swichi kwa mtindo wa staki, zikawa kifaa kimoja kweli. Mimi niliukwepa, maana ukiweka programu mpya mara nyingi staki yote inawaka upya kwa pamoja. Nikachukua njia ya MLAG, ambayo kampuni ya Cisco wanaiita vPC na kampuni ya Juniper MC-LAG. Hapo kila swichi inajiendesha yenyewe, ila zikizungumza LACP na seva zote mbili hutaja kitambulisho kimoja. Kila mtengenezaji ana namna yake ya kuzioanisha, kwa hiyo nilinunua mbili za modeli moja na toleo moja la programu.

Sehemu niliyoitilia mkazo kuliko zote ni katikati ya swichi hizo. Kuna laini ya jozi, niliyoipa nyaya mbili za giga 10. Kupitia hiyo zinaambizana anwani za MAC zilizojifunza, yaani namba za utambulisho za kadi za mtandao. Pia kuna kanuni inayozuia data kuzunguka bila mwisho: fremu (kifurushi cha data) iliyovuka laini ya jozi haitolewi kwenye poti ya kundi ambalo waya wake kwenye swichi ile nyingine bado uko hai. Bila kanuni hiyo seva ingepokea fremu mbilimbili. Ndiyo maana nyaya zote zinafanya kazi, na spanning tree, itifaki inayoziba njia za ziada ili data isizunguke, niliyoiacha ikiwaka kama ulinzi, haina haja ya kuziba mmojawapo.

Halafu kuna njia ya pembeni ya kuulizana “upo hai?”. Hii niliipitisha kwenye poti za usimamizi, mbali kabisa na laini ya jozi. Laini ya jozi ikikatika huku majibu ya pembeni yakiendelea kufika, swichi ndogo kwa cheo hufunga poti zake za makundi na kumwachia mwenzake kazi. Ukizipitisha zote mbili kwenye waya mmoja, siku ukikatika kila swichi itadhani imebaki peke yake, na hapo mtandao unavurugika vibaya.

Umeme nao: kila swichi ina UPS yake, ile betri ya akiba umeme ukikatika. Jozi ya swichi kwenye UPS moja ni pesa iliyotupwa.

Upande wa seva za Linux nilitumia bondi ya 802.3ad, yaani kadi za mtandao zilizounganishwa kuwa moja, na faili la kusoma ni /proc/net/bonding/bond0. Angalia mstari wa Aggregator ID chini ya kila kadi. Namba zikifanana, seva imeziona swichi mbili kama jirani mmoja. Zikitofautiana, rudi kwenye swichi, kwa kuwa jozi bado haijakamilika hata kama taa zote ni za kijani. Muda wa LACP niliuweka wa haraka: taarifa kila sekunde 1, na jirani akinyamaza sekunde 3 anatolewa. Wa kawaida ni sekunde 30, na kumtoa huchukua 90.

Dada wa uhasibu, ndiye aliyeidhinisha fedha, akaniuliza, “Kaka, kwa hiyo sasa faili langu litapita kwa giga 20?” Nikamwambia, “Hapana dada, faili moja linapita waya mmoja. Faida utaiona mkiwa wengi.” Mgawanyo hufanywa kwa hesabu ya anwani, na mazungumzo yaleyale hubaki njia ileile ili pakiti zisipishane. Bondi ya Linux kwa kawaida hutazama anwani za MAC. Kwetu wafanyakazi wote hufika kwenye seva kupitia ruta, kwa hiyo MAC ni ileile na majibu yote yangebanana waya mmoja. Nikaweka layer3+4, ihesabu anwani za IP na namba za poti za programu, mizigo ikagawanyika.

Jaribio nilifanya mchana, watu wakiwa kazini, baada ya kuwaomba ruhusa. Nilizima swichi A, ping, jaribio la kuuliza seva kama inajibu, ikapoteza pakiti chache ikaendelea, na dirisha la uhasibu halikufunga. Nilipoiwasha, nilisubiri jozi ilingane kabla ya kugusa B. Mashine ya kamera ina poti moja tu ya mtandao, kwa hiyo hiyo bado inaning'inia swichi A peke yake, nayo A ikizima inakatika mtandao.