Usiku Niliokimbilia Ishara ya 9

Kompyuta ya Linux tuliyoitumia kwa pamoja ilikuwa na prosesa moja tu, na jioni ile wenzangu walianza kunung'unika kwamba hesabu zao zilikuwa zikijikokota. Nilifungua top, programu inayoorodhesha michakato, yaani programu zinazoendeshwa, na kiasi cha prosesa kinachotumiwa na kila mmoja, na juu kabisa ya orodha nikaukuta mchakato wangu mwenyewe, ule niliouanzisha asubuhi wa kupanga upya rekodi za miaka kadhaa.

Niliandika kill pamoja na namba yake, 4127, kisha nikahesabu moyoni hadi tano. Mchakato bado ulikuwapo. Jina la amri hii linapotosha, kwa kuwa kazi yake ni kupeleka ishara tu, na usipotaja ishara yoyote hupeleka ya 15, ambayo ni ombi la kujiondoa kwa utaratibu. Programu yangu ilikuwa imekwisha kulisikia ombi hilo na ilikuwa ikimalizia kuandika. Mimi, kwa pupa, nikaandika kill -9. Ishara ya 9 haiifikii programu hata kidogo: kiini cha mfumo ndicho kinachoukata mchakato palepale.

Nilijipongeza mapema mno. Nilipojaribu kuianzisha tena, programu ilikataa, ikidai kwamba tayari ilikuwa ikiendeshwa. Faili dogo la kufuli, linaloonyesha kwamba programu inaendeshwa na ambalo programu huliondoa yenyewe inapojifunga, lilikuwa limebaki kwenye diski likiwa na namba 4127 ndani yake, kama viatu mlangoni ilhali mwenyewe hayumo. Faili la matokeo nalo lilikuwa limekatika katikati ya mstari. Nilifuta yote mawili nikaanza upya.

Safari hii nilitumia renice, amri ya kubadilisha kipaumbele cha mchakato, nikaupa mchakato 19, kiwango cha mwisho cha upole katika ngazi inayoanzia -20, ambako namba kubwa maana yake ni kipaumbele kidogo. Manung'uniko yakakoma. Wenzangu walipokwisha kuondoka nilitaka kuurudisha kwenye 0, nikajibiwa kwamba sina ruhusa: mtumiaji wa kawaida huweza kuushusha hadhi mchakato wake, lakini kuupandisha tena ni kazi ya msimamizi, na msimamizi wetu alikuwa amekwisha kwenda kulala.

Nililalamika peke yangu kwa dakika kadhaa kabla ya kuitazama top vizuri. Mchakato ulikuwa na 19 yake, na ulikuwa ukitumia asilimia 99 ya prosesa, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeihitaji.