Nilivyowafundisha watoto wa darasa la pili kupanga maneno kialfabeti

"Waimbishe tu, wataelewa." Ushauri huo nilipewa na watu wasiopungua watano, na kila mmoja alikuwa na uhakika. Nikawaimbisha. Wiki mbili nzima, kila asubuhi kabla ya hesabu, watoto sitini na kitu wakipaza sauti: a, ba, cha, da, e, fa, ga, ha... mpaka darasa la jirani wakawa wanaitikia. Siku ya kupima nikaandika ubaoni maneno matano: embe, bata, ugali, dawa, asali. Karibu nusu ya darasa wakayapanga hivi: asali, embe, ugali, bata, dawa.

Niliumia sana. Nilibeba madaftari nyumbani, nikayatandaza mkekani na kuyapitia moja moja. Kosa lilikuwa lile lile, na hapo ndipo nilipotulia, maana watoto wengi namna ile hawawezi kukosea sawasawa bila sababu. Walikuwa na mpangilio wao: a, e, i, o, u, halafu ba, be, bi, bo, bu. Si ndivyo tulivyowafundisha kusoma tangu darasa la kwanza? Irabu kwanza, silabi baadaye. Kwao hiyo ndiyo alfabeti, na wimbo wangu ulibaki kuwa wimbo wa asubuhi.

Basi nikaacha kuimbisha. Nilinunua kamba ya kuanikia nguo na vibanio sokoni, vyote havikufika elfu tano, nikakata kadi kutoka kwenye maboksi ya dukani. Kamba nikaifunga kutoka dirishani mpaka mlangoni. Kiswahili kina herufi 24 ukihesabu ch kuwa moja, na zinagawanyika vizuri ajabu: kumi na mbili kuanzia a mpaka l, kumi na mbili kuanzia m mpaka z. Katikati ya l na m nikafunga kitambaa chekundu. Swali langu la kwanza kwa kila neno likawa moja: upande wa dirisha au upande wa mlango? Mtoto mwenye "taa" hakuanza tena kuimba kutoka a huku akihesabu vidole. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akatafuta pa kubana kadi yake.

Mwalimu mwenzangu alinisihi niishie herufi ya kwanza, eti ya pili ni ya wakubwa. Kwa Kiswahili haiwezekani! Angalia ndani ya darasa lenyewe: mlango, mwalimu, mtoto, mkono, mguu, mti pale nje. Kadi zote zilirundikana kwenye m, kamba ikalegea. Hapo nikawaonyesha kuziba. Weka kidole juu ya herufi iliyofanana, soma iliyobaki: guu, kono, lango, ti, toto, walimu. Sasa panga. "Ti" na "toto" bado zinafanana? Sogeza kidole, ziba na t. Waliupenda mchezo huu kuliko kitu chochote nilichowahi kuwafundisha. Hata "kata" na "katani" waliziweza: ukiziba "kata", neno la kwanza limekwisha, la pili bado lina "ni". Lililokwisha linatangulia. Nasema kwa fahari kwamba sikuwahi kulirudia hilo mara ya pili.

Kilichonitesa ni sh. Nilitoa sabuni, shule, sikio, sukari. Wakapanga sabuni, sikio, sukari, kisha shule mwisho kabisa, na mtoto mmoja akanieleza kwa heshima zote: "Mwalimu, sa se si so su kwanza, ndiyo sha she shi sho shu." Kwa jinsi alivyofundishwa, yuko sahihi! Nilijaribu kumwambia kamusi haipangi hivyo, akaniangalia tu. Kesho yake nikakata kadi za herufi moja moja, kila mtoto akalivunja neno lake juu ya dawati: s, h, u, l, e. Ziba s. Sasa umebaki na h, mwenzako wa sikio amebaki na i. Nani yuko karibu na dirisha? Ilichukua siku nne, na sijutii hata moja, maana baada ya hapo nyama, thamani na dhahabu zilikwenda zenyewe. Mtoto aliyezoea kuona silabi lazima azivunje kwanza, arudi kwenye herufi. Walionishauri kuhusu wimbo hawakuniambia hilo.

Shule yetu ina nakala moja ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, imechoka na jalada limeshonwa. Juzi nimewapa kwa zamu. Yule wa "sha she shi" alifungua katikati, akaangukia m, akasogea mbele, akaziba, akaziba tena, kisha akainua mkono: "Mwalimu, shoka nimeliona! Liko baada ya shimo." Darasa zima likapiga makofi.

Aliyefuata alitafuta viatu kwenye v, dakika kumi, hakuvipata. Kesho naanza na kiatu.