Kurekodi kikundi cha hisa Newala: fuata muhuri

Video nyingi za miradi ya vijijini hujaa noti zinazohesabiwa, na mtazamaji haelewi fedha imekwenda wapi. Kwenye vikundi vya hisa, vya kuweka akiba na kukopeshana, huku Newala na Tandahimba mkoani Mtwara, mimi hufuata muhuri. Mwanachama hununua hisa moja hadi tano kwa kikao. Fedha inaingia sandukuni, kitabu chake kinagongwa mihuri ya idadi hiyo. Siku ya mgao mihuri hiyo hugeuka fedha tena, pamoja na faida ya mikopo.

Kikao kimoja hakitoshi. Malipo ya korosho yakishashuka kutoka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kurasa hujaa mihuri mitano mitano. Kipindi cha palizi na kupulizia mikorosho dawa, foleni huwa ya mikopo. Rekodi misimu yote miwili.

Naanzia kwa mtendaji wa kijiji, kisha naomba ruhusa mbele ya kikundi kizima. Watunza funguo watatu siwaonyeshi sura wakiwa na funguo, wala nyumba sanduku linapolala. Kufuli tatu hazina maana video ikishamwelekeza mwizi.

Wanachama hukaa na kuitwa mezani kwa namba, kwa hiyo kamera naiweka nyuma ya bega la mtunza kumbukumbu: fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Chini ya mkorosho jua hupenya majani na kurasa nyeupe hung'aa kupita kiasi kwenye picha. Shuka jeupe lililofungwa juu ya meza hulainisha mwanga. Kinasa sauti nakilaza juu ya kanga iliyokunjwa, maana sarafu zikidondoshwa kwenye bakuli meza nzima hugonga na "namba saba, hisa tatu" haisikiki.

Mradi wenye vocha za kijamii, karatasi ambazo watu wa mtaa hulipana badala ya shilingi, unataka uangalifu zaidi. Waanzilishi wa Bangla-Pesa, vocha ya aina hiyo huko Mombasa, walikamatwa mwaka 2013 wakituhumiwa kughushi, ingawa mashtaka yalifutwa baadaye. Vocha ningeipiga ikibadilishana mikono na bidhaa, kamwe isilazwe kando ya shilingi kana kwamba ni noti.

Usimwombe mtu arudie tendo sanduku likiwa wazi. Kikao kikichelewa, watu huanza kuondoka kabla salio halijatangazwa, na salio hilo ndilo wanalolikariri kulinganisha sanduku likifunguliwa tena. Picha ya muhuri ikikosekana, subiri namba inayofuata.