Usipige saruji ukuta wa chokaa

Nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, ikihitaji ukarabati na bafu jipya, kazi ya kwanza ni kubandua lipu ya saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa hewani. Saruji huufungia ndani, chumvi hujikusanya, lipu huvimba na kudondoka vipande vipande. Lipu mpya ni chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, sehemu 1 kwa 3 za mchanga (wa ufukweni kamwe, una chumvi!), tabaka nyembamba, ikinyunyiziwa maji isikauke haraka.

Bafu lisibebwe na boriti za zamani. Ncha zilizozama ukutani ndizo huoza kwanza, huku katikati mti ukionekana mzima. Gonga karibu na ukuta, sikiliza mlio, kisha toboa uhakikishe.