Ujumbe umepotea kwenye grupu: pa kuutafuta kabla muda haujaisha

Mtu akilalamika kwamba tangazo lake halionekani kwenye grupu, maadmini wengi humjibu "tuma tena". Hilo ndilo kosa la kwanza. Akirudia mara tatu tangazo lilelile lenye kiungo kilekile, kichujio cha taka kinazidi kumshuku. Jua kwanza ujumbe umekwama wapi: unasubiri idhini, umekataliwa, au ulitoka ukafutwa.

Facebook mara nyingi ni kusubiri tu. Mwenye chapisho afungue maudhui yake ndani ya grupu. Huko yanayosubiri, yaliyokataliwa na yaliyoondolewa yamepangwa mbalimbali. Admini naye akague foleni mbili: ya kusubiri idhini na ya yanayodhaniwa kuwa taka. Hii ya pili husahaulika hadi tangazo la msiba linaonekana watu wameshazika.

Telegram inakupa saa 48. Admini afungue mipangilio ya grupu, aingie kwenye kumbukumbu ya matendo ya karibuni, achuje zilizofutwa. Ataona maneno yenyewe, na aliyefuta ni nani. Kitufe cha kuurudisha ujumbe mahali pake hakipo, kwa hiyo nakili maneno, hifadhi picha, kisha uweke upya ukitaja mwandishi na saa aliyotuma. Saa 48 zikipita, kumbukumbu hiyo inafutika.

WhatsApp ndiyo ngumu, kwa sababu ujumbe ukishafika kwenye simu za watu, seva haibaki na nakala. Anza na njia rahisi: tafuta aliyeujibu kwa kuunukuu, maana kipande kilichonukuliwa mara nyingi hubaki hata wa asili ukifutwa. Kwenye Android 11 kwenda juu, historia ya arifa huweka maneno kwa saa 24, ila iwe ilikuwa imewashwa tangu kabla.

Ikishindikana, bado kuna bakapu (nakala ya akiba) ya ndani ya simu. Kwenye Android, WhatsApp huiweka kila siku saa 8 usiku, na faili za hadi siku 7 hukaa kwenye Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases. Chagua ya usiku uliofuata baada ya ujumbe kufika, lakini kabla haujafutwa. Ukifika asubuhi na kufutwa mchana wa siku hiyohiyo, hakuna bakapu iliyouona, usijisumbue.

Kuirejesha bakapu hiyo kunahitaji kuiondoa WhatsApp na kuisakinisha upya. Kabla ya kuiondoa, nakili folda nzima ya Databases kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Usiruke hatua hii: kwenye simu nyingi mpya, ukiondoa WhatsApp folda hiyo huondoka nayo. Faili kama msgstore-2025-03-04.1.db.crypt14 ibadilishe jina iwe msgstore.db.crypt14. Tarehe na ile 1 zinatoka. Namba ya baada ya crypt usiiguse, ukiibadilisha faili haitafunguka. Sakinisha upya, rudisha folda mahali pake, thibitisha namba ileile ya simu, kisha kubali kurejesha. Kama kuna bakapu ya Google, simu inaweza kuivuta hiyo badala ya yako, basi itoe akaunti ya Google kwenye simu kwanza.

Ujue pia gharama yake: mazungumzo yote ya baada ya bakapu hiyo, ya magrupu yote, yatatoweka kwenye simu hiyo. Yale unayoyahitaji yahamishe kwanza kama faili ya maandishi. Na kama kuna simu ya akiba ya admini mwingine ambayo haina mengi ya kupoteza, fanyia huko.